Kupunga au Kukemea: Sarufi Mbili za Shetani katika Tamthilia ya Mashetani na Simulizi za Ushuhuda

Ikisiri

Uhakiki wa tamthilia ya Mashetani (1971) ya Ebrahim Hussein umejikita kwa muda mrefu katika swali moja: shetani anawakilisha nini? Jibu lililozoeleka ni kwamba anawakilisha ukoloni mkongwe na ukoloni mamboleo. Makala haya yanadai kwamba jibu hilo, ingawa si la makosa, linaacha nje swali ambalo utamaduni wa pwani humuuliza shetani baada ya kumjua jina: anataka nini? Kwa kuchunguza vitenzi vinavyoambatana na nomino shetani katika Kiswahili, makala yanabainisha sarufi mbili. Katika sarufi ya kupunga, binadamu ni mtendwa na shetani ni mgeni wa kuzungumza naye. Katika sarufi ya kukemea, shetani ni adui asiye na mazungumzo na binadamu huweza kugeuka mshirika wake. Makala yanaonesha kwamba Mashetani ni tamthilia ya nyumba iliyopoteza sarufi ya kwanza, na kwamba simulizi za ushuhuda zilizoenea Afrika Mashariki tangu miaka ya 1980 zinaonesha gharama ya kubaki na sarufi ya pili peke yake.

Maneno ya msingi: shetani, kupunga, kukemea, tamthilia, ushuhuda

1.0 Utangulizi

Neno shetani limeingia katika Kiswahili kutoka Kiarabu, na lina undugu na neno la Kiebrania ambalo awali lilikuwa nomino ya kawaida yenye maana ya mpinzani au mshitaki. Katika Kitabu cha Ayubu, mhusika huyo anahudhuria baraza la Mungu na kutekeleza kazi inayofanana na ya mwendesha mashitaka. Bado hajawa mfalme wa kuzimu. Katika mapokeo ya Kikristo nomino hiyo iligeuka kuwa jina la pekee la adui mmoja. Katika Qurani wingi wake uliendelea kutumika sambamba na jina la Ibilisi, yule aliyekataa kumsujudia Adamu.

Kiswahili kilizipokea njia zote mbili na hakikuiacha hata moja. Msemaji wake anaye Shetani wa herufi kubwa, asiye na wingi, na anaye shetani wa herufi ndogo, mwenye wingi, kabila, lugha na hata chakula akipendacho. Wachongaji wa Kimakonde walioanza, mwishoni mwa miaka ya 1950, kuchonga jijini Dar es Salaam maumbo yaliyopotoka viungo waliyaita mashetani. Samaki Likankoa, anayetajwa kuwa mwasisi wa mtindo huo, hakuchonga adui wa Mungu. Alichonga viumbe wa porini, kila kimoja na sura yake. Wateja wa kigeni waliozoea picha ya Lusifa mwenye pembe na mkia walinunua vinyago hivyo kwa jina lilelile, ingawa kilichotajwa kilikuwa kingine.

Mkanganyiko huo haukuishia katika maduka ya vinyago. Makala haya yanadai kwamba umeingia pia katika uhakiki wa fasihi ya Kiswahili, hasa usomaji wa Mashetani. Hussein aliipa tamthilia yake jina la wingi. Wahakiki wengi wamelisoma jina hilo kana kwamba ni la umoja.

2.0 Sarufi Mbili

Tofauti ya sarufi hizi inaonekana zaidi katika vitenzi kuliko katika nomino. Kwa upande mmoja kuna vitenzi vya uganga wa pwani: shetani hupanda kichwani, hupandishwa kwa ngoma, hupungwa. Anayepandwa huitwa kiti. Fundi wa kilinge humuuliza aliyepanda jina lake, atokako na anachotaka. Tafiti za Linda Giles (1987) kuhusu pwani ya Uswahilini na za Kjersti Larsen (2008) kuhusu Unguja zinaonesha kwamba viumbe hawa wamepangwa kwa makabila: wako wa ruhani wenye asili ya Uarabuni, wa rubamba wa Pemba, wa habeshia kutoka Uhabeshi, na wa kibuki kutoka Bukini, ambao ni Wakristo na hunywa pombe kali. Orodha hiyo ni ramani ya historia ya Bahari ya Hindi. Wageni walioifikia pwani, wakiwa mabwana, wafanyabiashara au watumwa, wamebaki humo wakiwa mashetani.

Kamusi hueleza kupunga kuwa ni kumtoa pepo, na maana hiyo ipo. Hata hivyo, kinachotendeka kilingeni mara nyingi ni mapatano zaidi kuliko kufukuza. Shetani huandaliwa chano, huvishwa nguo za rangi yake, hufukiziwa ubani wake, naye hukubali kumpumzisha mgonjwa. Wengine hubaki na viti vyao maisha yote na hurithiwa katika ukoo. Methali isemayo zimwi likujualo halikuli likakwisha inaieleza hali hiyo kwa uangalifu: haisemi kwamba zimwi ni jema, wala kwamba haliumi. Inasema kwamba kujuana kunaweka mpaka.

Kwa upande wa pili kuna vitenzi vya mahubiri: Shetani hukemewa, hufungwa, hushindwa, hukanyagwa. Tafsiri za Biblia zilisaidia kuijenga sarufi hii. Biblia ya Muungano ya mwaka 1952 iligawa kazi kati ya maneno matatu: Ibilisi na Shetani yakawa majina ya adui mmoja, na pepo likawekwa chini yake, likiitwa chafu. Neno pepo, lililokuwa la kila aina ya kiumbe wa upepo, mwema kwa mbaya, likaandikishwa katika jeshi la mfalme mmoja. Birgit Meyer (1999) ameeleza mchakato kama huo miongoni mwa Waewe wa Ghana, ambako wamisionari waliwaweka miungu na mizimu ya wenyeji chini ya Ibilisi na hivyo, pasipo kukusudia, wakawapa maisha mapya. Uswahilini mchakato huo ulikuta Uislamu umeshaweka utaratibu mwingine, ambamo jini anaweza kuwa mwislamu na mcha Mungu. Ndiyo maana sarufi ya kwanza haikufutika.

Jambo la kisintaksia linalostahili kuangaliwa ni yambwa ya vitenzi hivi. Kupunga huweza kuchukua yambwa mbili: hupungwa pepo, na hupungwa mgonjwa. Sentensi “mama alipungwa” inaeleweka bila shida, na mama anabaki kuwa mtu anayehudumiwa. Kukemea hakuruhusu hivyo. Pepo hukemewa, lakini “mama alikemewa” ina maana kwamba mama alikaripiwa. Sarufi ya pili haina nafasi ya mgonjwa. Mtu akisogezwa karibu mno na yambwa ya kitenzi hicho, lawama humwangukia yeye.

Kauli ya vitenzi inaonesha mwelekeo uleule. Katika sarufi ya kwanza binadamu hutajwa kwa kauli ya kutendwa: amepandwa, amepagawa, amechezewa. Katika sarufi ya pili, hasa inapozungumzia utajiri, hutajwa kwa kauli ya kutenda: amejiunga, amesaini, anaabudu. Mtendwa hutafutiwa tiba, lakini mtenda huandaliwa hukumu.

3.0 Mashetani: Ugonjwa wa Asiyepandwa

Katika Mashetani, vijana wawili wasomi, Juma na Kitaru, wanaigiza mchezo ndani ya mchezo. Penye mbuyu, Juma anakuwa shetani na Kitaru anakuwa binadamu. Katika igizo hilo binadamu anaonekana kumshinda shetani, lakini ushindi huo haumpi Kitaru utulivu. Anaugua, anaandamwa na walichokiigiza, na mpaka kati ya mchezo na maisha unafifia. Wazazi wake, watu wa tabaka jipya lililonufaika na Uhuru, wanahangaikia hali yake wasiielewe. Juma anatoka katika ukoo uliokuwa na mali na hadhi na ukavipoteza katika mabadiliko ya kisiasa; bibi yake ndiye mwenye kumbukumbu ya enzi hiyo. Urafiki wa vijana hao unazidi kubana kadiri tofauti ya nyumba zao inavyojitokeza.

Usomaji uliozoeleka unautegemea ushindi ule wa awali. Shetani ni mkoloni. Kushindwa kwake ni Uhuru. Kuendelea kumwandama Kitaru ni ukoloni mamboleo, uliobadili sura bila kubadili tabia. Usomaji huu una nguvu yake. Unaiweka tamthilia katika wakati wake, miaka michache baada ya Azimio la Arusha la 1967, na unaeleza kwa nini mwandishi wa Kinjeketile (1969), tamthilia ya Vita vya Maji Maji, aligeukia chumba cha kijana mgonjwa wa tabaka la juu. Hata hivyo, usomaji huo unajibu swali la kwanza la fundi, lile la jina, kisha unaondoka kilingeni.

Kuna jambo ambalo usomaji huo hauwezi kulieleza: anayeugua si yule aliyepandwa. Katika ngoma ya pwani, shetani humpanda kiti, na kiti ndiye mgonjwa. Hussein amevigawa vitu hivyo viwili. Anayevaa ushetani, anayeutamka na kuupa mwili, ni Juma. Anayelala kitandani ni Kitaru. Kama shetani angekuwa ukoloni tu, kusingekuwa na sababu ya kumkabidhi Juma nafasi hiyo, kwani Juma hana tena cha kumtawalia mtu.

Sarufi ya kupunga inatoa jibu. Shetani wa ukoo hurithiwa. Anayechukua kiti cha mkubwa wake huchukua pia wajibu wa kumlisha aliyekuwa akilishwa. Asipofanya hivyo, huugua. Tabaka la kina Kitaru limeirithi nafasi ya tabaka la kina Juma: hadhi, starehe, umbali kutoka kwa watu wa chini. Halikuirithi kwa damu wala kwa ndoa. Limeirithi kwa njia ya siasa, na kwa hiyo halikufunzwa masharti yake wala halikukiri kwamba kuna urithi. Katika simulizi lake rasmi tabaka hilo limemshinda shetani. Katika nyumba yake, shetani wa mwenye nyumba aliyetangulia bado anadai.

Kwa usomaji huu, Juma anaigiza ushetani vizuri kwa sababu anaujua kwa karibu. Nyumba yao iliishi naye. Bibi, pamoja na majonzi yake yote ya enzi iliyopita, ndiye mhusika anayeweza kuzungumza kuhusu yaliyopita kwa majina ya watu na vitu. Kumbukumbu yake si safi. Ni ya tabaka lililowanyonya wengine na linaloomboleza kunyang’anywa. Lakini ni kumbukumbu. Nyumbani kwa kina Kitaru hakuna bibi wa aina hiyo. Kuna mali mpya na hofu ya kuaibika. Tiba inayotafutwa humo ni ya kumrudisha kijana katika hali ya kawaida, na hali hiyo ya kawaida ndiyo inayomwumiza.

Hapa ndipo igizo ndani ya igizo linapopata uzito wake. Hussein, mzaliwa wa Kilwa, aliujua mchezo wa kuigiza wa Ulaya, na katika tasnifu yake ya uzamivu aliyoiandika Berlin alichunguza maendeleo ya tamthilia katika Afrika Mashariki. Wahakiki wametaja mara nyingi mvuto wa Brecht kwake. Lakini igizo la penye mbuyu linafanya jambo ambalo ngoma ya pwani hulifanya pia: mtu anasema kwa sauti isiyo yake ili jambo lisilosemeka lisemwe. Tofauti ni kwamba katika ngoma kuna fundi. Baina ya Juma na Kitaru hakuna fundi. Shetani anapandishwa na hakuna wa kumuuliza. Binadamu anatangaza ushindi badala ya kuuliza swali, na mchezo unakatika kabla ya mapatano. Kinachomsumbua Kitaru baadaye ni mazungumzo yaliyoachwa njiani. Jitihada zake za kuurudia mchezo, ambazo wengine huziona kama dalili ya wazimu, zinaweza kusomwa kama dalili pekee ya afya katika nyumba ile: anataka kurudi mahali ambapo swali lingeweza kuulizwa.

Jina la tamthilia sasa linajieleza. Mashetani ni wengi kwa sababu madai ni mengi: dai la walionyang’anywa, dai la waliopata bila kukiri walichopata, na, nyuma yao, dai la wale ambao hawapo jukwaani kabisa, waliofanya kazi katika mashamba ya ukoo wa kwanza na wanaotumikia ukoo wa pili. Kuwapa wote jina moja, hata jina sahihi la kisiasa, ni kuwakemea.

4.0 Shetani Msalabani: Jina la Umoja, Sauti za Wingi

Mfano wa kati unapatikana katika riwaya ya Ngũgĩ wa Thiong’o iliyotoka kwa Kigikuyu mwaka 1980 na kutafsiriwa kwa Kiswahili kwa jina la Shetani Msalabani mwaka 1982. Tofauti na Hussein, Ngũgĩ anaanza na Shetani wa mahubiri: mmoja, mwenye msalaba, anayesulubiwa na watu waliovaa matambara na kuteremshwa na wafuasi wake waliovaa suti. Kwa jina, riwaya hii iko katika sarufi ya pili.

Lakini tukio lake kuu linakwenda kinyume cha kukemea. Katika pango la Ilmorog, wezi na wanyang’anyi wa kisasa wanashindana kujieleza. Kila mmoja anapanda jukwaani, anajitaja jina, anaeleza alikotoka, alivyoiba na anachotamani kuiba zaidi. Maswali matatu ya fundi yanajibiwa hadharani, mmoja baada ya mwingine. Ngũgĩ ameuchukua umbo wa mahubiri akautia utaratibu unaofanana na wa kilinge: uovu unalazimishwa kusema kwa kinywa chake wenyewe, na kwa wingi wake. Msomaji anayetoka pangoni hana siri ya kuzimu mkononi. Ana maelezo ya ardhi, benki, na kampuni za kigeni. Kejeli ndiyo inayofanya kazi ya mapatano hapa, na haiwasamehe wasemaji. Inawafanya waeleweke.

Kwa hiyo tofauti ya sarufi hizi mbili haifuati mpaka wa dini. Mwandishi anaweza kutumia taswira za Kikristo na bado akamuuliza shetani maswali. Kinachoamua ni kama maandishi yanampa nafasi ya kujibu.

5.0 Ushuhuda: Mkataba Usio na Historia

Simulizi za ushuhuda zilizoenea Afrika Mashariki kuanzia miaka ya 1980, kwa vijitabu, kanda, mahubiri ya viwanjani na baadaye video, zinafuata umbo linalotambulika. Kijana maskini anakutana na mtu mwenye fedha; anapelekwa mahali pa siri, mara nyingi chini ya bahari; anatia saini mkataba kwa damu; anapata mali ya ghafla; anadaiwa kafara ya jamaa yake; anaokoka na kusimulia. Kitabu cha ushuhuda cha Mnigeria Emmanuel Eni, kilichotoka miaka ya 1980, kilisomwa mbali sana na kwao na kikawa kielelezo cha wengi. Mafrimasoni na Iluminati, majina yenye historia yake Ulaya, yaliingizwa katika umbo hilo bila kuleta historia hiyo.

Umbo hili si upuuzi, na uhakiki unaolidharau unajinyima ushahidi. Linabeba lalamiko la haki. Msimulizi anaona utajiri ambao kazi inayoonekana haiwezi kuueleza, na anauliza umetoka wapi. Anajua kwamba mali ya mmoja imekatwa katika uhai wa mwingine. Kafara ya ndugu ni njia ya kulisema hilo. Kwa kiasi hicho ushuhuda uko karibu na pango la Ilmorog.

Tofauti iko katika jibu. Pangoni, chanzo cha mali kinatajwa kwa shughuli na mikataba inayoweza kuchunguzwa. Katika ushuhuda, mkataba ni mmoja, mwenzi wa mkataba ni mmoja, na ofisi yake haifikiki. Swali la chanzo cha mali linaulizwa kwa ukali na kujibiwa kwa namna inayofunga uchunguzi. Wakati huohuo kauli ya kutenda inafanya kazi yake: tajiri, msanii aliyevuma, mwanafunzi mwenye tabia isiyoeleweka, wote hawakupandwa. Wamejiunga.

Nchini Kenya sarufi hii ilipewa kiti cha dola. Mwaka 1994 Rais Daniel arap Moi aliteua tume ya kuchunguza ibada za shetani, chini ya Askofu Mkuu Nicodemus Kirima wa Kanisa Katoliki. Ripoti yake ilifika hadharani mwaka 1999, ikidai kwamba ibada hizo zipo na zimeingia shuleni. Kipindi hicho kilikuwa pia kipindi cha kashfa ya Goldenberg, ambamo fedha za umma zililipwa kwa usafirishaji wa dhahabu ambao kwa sehemu kubwa haukuwapo. Robert Blunt (2004) amehusisha mazungumzo ya ushetani nchini humo na hisia za wananchi kuhusu ufisadi na thamani ya fedha. Kwa istilahi za makala haya, wananchi walikuwa na swali la tatu la fundi, nani anataka nini na kwa gharama ya nani. Tume ikawarudishia jina la Shetani, na macho yakageukia watoto wa shule.

Jambo hili si la Afrika peke yake. Nchini Marekani, hofu ya ibada za kishetani katika miaka ya 1980 ilizaa kesi ya shule ya chekechea ya McMartin huko California, iliyodumu kuanzia mashitaka ya awali hadi mwaka 1990 bila mshitakiwa hata mmoja kutiwa hatiani. Jumuiya iliyojiita waziwazi Kanisa la Shetani, iliyoanzishwa na Anton LaVey huko San Francisco mwaka 1966, haikuwa na uhusiano na tuhuma hizo, na mwasisi wake hakumfundisha Shetani kuwa nafsi iliyo hai; alimtumia kama ishara ya ubinafsi wa mwanadamu. Wenye jina hawakuwa washitakiwa, na walioshitakiwa walikuwa walezi wa watoto. Shetani wa umoja, akikosa kupatikana, hutafutiwa mwili wa jirani.

6.0 Pingamizi Mbili

Hoja iliyojengwa hapa inaweza kupingwa kwa namna mbili. Kwanza, inaweza kuonekana kana kwamba inautukuza uganga. Kilinge si mahali pa usawa. Ngoma hugharimu fedha, na wagonjwa wengi ni wanawake ambao shetani wao huomba kile ambacho wao wenyewe hawaruhusiwi kukiomba. Mapatano yanaweza kumtuliza mtu ili arudi katika nyumba ileile iliyomwumiza. Pingamizi hili ni la kweli, na Hussein anaonekana kulifahamu. Tamthilia yake haimpeleki Kitaru kwa mganga apone, wala haimgeuzi Bibi kuwa mwenye hekima asiye na doa. Inachokitunza kutoka kwa sarufi ya kupunga ni maswali yake, si taasisi yake. Methali ya mchawi mpe mwana kulea ina mantiki hiyohiyo: haimsifu mchawi, inamfunga kwa uhusiano.

Pili, inaweza kudaiwa kwamba kuna maovu yasiyostahili mazungumzo, na kwamba kukemea ndiyo kauli pekee inayofaa mbele ya utumwa au mauaji. Hapa inafaa kutofautisha kuuliza na kukubali. Fundi anapomuuliza shetani anachotaka, hajaahidi kumpa. Wako mashetani wanaofukuzwa baada ya kusikilizwa. Kinachozuiwa na sarufi ya kukemea si hukumu. Ni ushahidi unaopaswa kuitangulia. Ukoloni uliokemewa bila kuulizwa ulichoacha nyumbani ulibaki katika samani, mishahara na lafudhi za waliourithi, na ndiyo habari ya Kitaru.

7.0 Hitimisho

Makala haya yameonesha kwamba Kiswahili kina sarufi mbili za shetani, na kwamba tofauti yake inaonekana katika yambwa na kauli za vitenzi kabla ya kuonekana katika imani. Usomaji wa Mashetani kwa sarufi ya pili umetoa jina moja na kuufunga mjadala. Usomaji kwa sarufi ya kwanza unaeleza kwa nini aliyeigiza ushetani si aliyeugua, kwa nini ushindi haukuponya, na kwa nini jina la tamthilia liko katika wingi.

Tokeo la kimbinu ni kwamba uhakiki wa ishara usiishie katika kuzitaja. Mhakiki anayesema shetani ni ukoloni, kisha akaendelea na ukurasa unaofuata, amefanya kazi ya mkemeaji: ametaja jina kwa sauti kubwa na kuondoka. Kazi iliyobaki ni kufuatilia katika matini madai ya kila shetani: nani alinyang’anywa, nani alirithi bila kukiri, nani analipa. Kazi hiyo inahitajika pia katika ushuhuda, filamu na uvumi wa mitandaoni, ambako lalamiko la haki hufunikwa na jina la adui mmoja. Mtu anayetuhumiwa kujiunga hana mahali pa kujibu katika sarufi ya kukemea. Katika sarufi ya kupunga, hata shetani mwenyewe huulizwa kabla ya kuamuliwa.